Maswali ya Wasomaji: "Weka Tab Iwe 4" Ina Maana Gani?

SWALI: Mhariri wa ukurasa huu, nakusalimu. Ninafundisha somo la programu katika chuo kimoja mjini Morogoro. Mwaka huu niliwaandikia wanafunzi wa mwaka wa kwanza mwongozo mfupi, na katika ukurasa wa pili niliweka sentensi hii: "Fungua mipangilio ya kihariri chako, kisha weka tab iwe 4." Nilidhani nimemaliza. Tulipoanza kazi za vikundi, mafaili ya lugha ya programu ya Python yaliyounganishwa kutoka kompyuta mbalimbali yalikataa kufanya kazi. Kompyuta inalalamika kwamba tab na nafasi zimechanganywa, ilhali kwenye skrini mistari yote imesimama sawasawa kama askari wa gwaride. Kila mwanafunzi ananionesha mipangilio yake, na kweli imeandikwa 4. Je, kosa ni lao au ni la mwongozo wangu?

JIBU: Mwalimu, kosa ni la mwongozo, na wanafunzi wako wametii kila ulichowaambia. Usihuzunike sana, kwa kuwa sentensi kama yako imo katika miongozo mingi, hata ile iliyoandikwa na watu waliozeeka katika kazi hii. Tatizo lake ni kwamba neno "tab" ndani yake linauliza maswali matatu kwa wakati mmoja, na tarakimu 4 inaweza kuwa jibu la lolote kati ya hayo.

Kabla sijaendelea, naomba tukubaliane juu ya maneno. Kihariri ni programu ya kuandikia na kurekebisha mafaili, na msimbo ni maagizo ya programu yanayoandikwa humo. Alama yenyewe inayoingia ndani ya faili nitaiita "tabo". Siiiti tabu, kwa sababu ambazo msomaji anaziona mwenyewe, wala siiiti kichupo, kwa kuwa neno hilo limekwisha kuchukuliwa na zile kurasa zinazofunguliwa kwa pamoja juu ya kivinjari cha intaneti. Kile kinachobonyezwa kitabaki kuwa kitufe cha Tab, kama kilivyoandikwa kwenye kibodi. Alama ya pengo tunayoipata kwa kubonyeza ule upau mrefu nitaiita nafasi, na kule kuusogeza mwanzo wa mstari upande wa kulia ili kuonesha kwamba umo ndani ya mstari mwingine nitakuita kujongeza.

Swali la kwanza lililofichwa katika sentensi yako ni hili: tabo iliyokwisha kuwamo katika faili ioneshwe kwa upana gani? Jibu linaanzia kwenye mashine ya chapa. Karani aliyekuwa akiandika majedwali aliweka vizuizi mahali alipotaka safu zianze, na alipobonyeza kitufe cha tabo, gari la karatasi liliteleza mpaka kwenye kizuizi kilichofuata na kusimama hapo. Kompyuta zilirithi tabia hiyo. Katika orodha ya alama za ASCII iliyotolewa mwaka 1963, tabo ni alama namba 9. Kwa hiyo tabo haina upana wake yenyewe. Ni amri inayosema: nenda mpaka kituo kinachofuata. Tunaposema kwamba upana wa tabo ni 8, tunamaanisha kwamba vituo vipo baada ya safu ya 8, ya 16, ya 24 na kuendelea, na tabo inayofuata baada ya herufi tatu itasogea hatua tano tu, wakati ile inayofuata baada ya herufi saba itasogea hatua moja.

Jaribu mwenyewe. Andika jina Ali, bonyeza tabo, andika alama zake za mtihani. Katika mstari wa pili andika Juma, bonyeza tabo, andika alama zake. Upana ukiwa 8, alama za wote wawili zitaanza mahali pamoja, kwa sababu majina yote mawili ni mafupi kuliko herufi nane. Upana ukiwa 4, Ali ataishia kwenye kituo cha kwanza, lakini Juma, ambaye jina lake limeijaza safu ya nne kikamilifu, atasukumwa mpaka kituo cha pili, na jedwali litavunjika. Faili halikubadilika hata alama moja. Kilichobadilika ni jicho linalolitazama.

Swali la pili lililofichwa ni: ngazi moja ya kujongeza iwe na hatua ngapi? Hili ni suala la mtindo wa kuandika msimbo, wala halilazimiki kuhusiana na tabo kabisa. Mwongozo wa mtindo wa Python uitwao PEP 8 unapendekeza nafasi nne kwa kila ngazi. Watunzaji wa kiini cha Linux, ule mfumo wa kuendesha kompyuta, wanataka tabo, na wanataka ihesabiwe kuwa hatua nane, wakisema wazi kwamba anayejikuta amejongeza ngazi zaidi ya tatu ameuharibu mpango wa programu yake na anapaswa kuurekebisha. Mtu anaweza kuamua kwamba ngazi yake ni hatua nne huku tabo ikiendelea kuoneshwa kwa hatua nane. Ajabu hiyo nitairudia katika jibu la msomaji wa Mwanza.

Swali la tatu, nalo ndilo lililowaumiza wanafunzi wako, ni hili: mtu akibonyeza kitufe cha Tab, ndani ya faili kiandikwe nini? Inaweza kuandikwa tabo moja halisi. Zinaweza kuandikwa nafasi nne. Katika kihariri cha Emacs, mara nyingi haiandikwi yoyote kati ya hizo kwa kudai kwako, kwa kuwa kitufe hicho humaanisha "ujongeze mstari huu panapostahili", na kikibonyezwa kwenye mstari uliokwisha kukaa sawa hakifanyi kitu.

Sasa tuwaweke wanafunzi watatu mezani. Wa kwanza anatumia kihariri cha Visual Studio Code, ambacho tangu inaposakinishwa upana wake ni 4 na huandika nafasi; faili lake lina nafasi tupu. Wa pili anatumia kihariri kilichowekwa kuonesha tabo kwa upana wa 4 huku kikiandika tabo halisi. Wa tatu anatumia kihariri cha Vim kisichoongezewa mipangilio mingine, na kwa kutii mwongozo wako amebadilisha "tabstop", yaani upana wa kuonesha tabo, peke yake kuwa 4. Hatua ya kujongeza inasimamiwa na "shiftwidth", ambayo bado ni 8, kwa hiyo akitumia amri ya kusogeza mstari, mstari wake unaruka tabo mbili badala ya moja. Wote watatu wakikuonesha skrini zao, utaona 4. Ukiunganisha kazi zao, una faili ambalo mstari mmoja umejongezwa kwa nafasi nne na unaofuata kwa tabo moja.

Python ya zamani, toleo la 2, ingelipokea faili hilo kimya kimya na kuhesabu kila tabo mpaka kituo cha nane. Mistari ambayo mwandishi aliiona imesimama pamoja ingesomwa kuwa ya ngazi mbili tofauti, na programu ingeweza kufanya kazi huku ikitoa majibu yasiyo sahihi. Toleo la 3, lililotoka mwaka 2008, linakataa faili lolote ambalo maana yake inategemea upana wa tabo, na kosa hilo linaitwa TabError. Mimi naona ukali huo ni hisani. Wanafunzi wako wamepata kelele siku ya kwanza badala ya hesabu mbovu mwisho wa muhula.

Katika mwongozo mpya, futa ile sentensi, na mahali pake weka kitu cha namna hii:

"Katika somo hili kila ngazi ya kujongeza ni nafasi nne. Faili la Python lisiwe na tabo hata moja mwanzoni mwa mstari. Kitufe cha Tab kitumike kama kawaida, lakini kihariri kiwekwe ili kitufe hicho kiandike nafasi. Kubadilisha mpangilio huu hakurekebishi mafaili yaliyokwisha kuandikwa. Hayo yabadilishwe kwa amri iliyoelezwa hapa chini."

Utaona kwamba sentensi ya kwanza inaeleza ngazi, ya pili inaeleza kilichomo ndani ya faili, na ya tatu inaeleza kitufe. Upana wa kuonesha tabo haukutajwa kabisa, kwa sababu faili lisilo na tabo halina cha kuoneshwa. Ile ya nne usiiache. Nimewaona watu wazima wakibadilisha mpangilio, wakafunga dirisha, wakafungua faili lile lile, wakashangaa kwamba bado ni bovu.

Baada ya maelezo hayo ya jumla, taja jina halisi la mpangilio katika kila kihariri kinachotumika chuoni kwako, herufi kwa herufi kama linavyoonekana kwenye skrini, bila kulitafsiri, kwa kuwa mwanafunzi atalitafuta hivyo hivyo. Kwa Visual Studio Code majina ni "editor.tabSize" na "editor.insertSpaces". Kwa kihariri cha nano ni "tabsize" na "tabstospaces". Kwa Emacs ni "tab-width" na "indent-tabs-mode". Toa pia njia ya kuyaona yasiyoonekana: kwenye Linux amri ya "cat -A" huonesha kila tabo kama ^I, na katika Vim amri ya ":set list" hufanya kazi ya namna hiyo hiyo.

Kuhusu amri ya kubadilisha, "expand -t 4" hugeuza tabo kuwa nafasi kwa kufuata vituo vya kila baada ya safu nne. Zingatia kwamba ile 4 ni upana aliokuwa akiuona mwandishi wa faili alipoliandika. Haihusu upana unaoutaka wewe. Faili lililoandikwa na mtu aliyeona vituo vya 8 na kuchanganya tabo na nafasi, ukiligeuza kwa 4, utalipindisha moja kwa moja na ushahidi utakuwa umepotea. Na matokeo yaelekezwe kwenye faili jipya lenye jina lingine. Ukiyaelekeza kwenye faili lile lile, litafutwa kabla halijasomwa.

SWALI: Ninatumia Vim huku Mwanza. Mwongozo wake una mipangilio minne inayofanana kama mapacha: tabstop, softtabstop, shiftwidth na expandtab. Mahali pamoja unanishauri niiache tabstop kwenye 8, lakini mwenzangu kazini anasema kila mtu huweka 4. Nani mkweli? Na kwa nini programu hiyo ikifunguka huwataja watoto wa Uganda?

JIBU: Wote wawili ni wakweli, na hapo ndipo mwongozo wa Vim unapomchosha msomaji mgeni, kwani unaeleza kila mpangilio kwa usahihi mkubwa mahali pake, lakini inakubidi uruke kurasa nne ili uone zinavyoshikana mikono.

Mpangilio wa "tabstop" ni ule upana wa kuonesha tabo iliyomo katika faili, na thamani yake ya awali ni 8. "Shiftwidth" ni hatua za ngazi moja ya kujongeza, zinazotumika unapousogeza mstari kwa amri au Vim inapoujongeza yenyewe. Nayo huanzia 8. "Softtabstop" inahusu vidole vyako: ni umbali unaouhisi unapobonyeza kitufe cha Tab au kitufe cha kufuta, na ikiwa 0 basi imezimwa. "Expandtab" inaamua iwapo kinachoandikwa ni nafasi au kinaweza kuwa tabo. Huanza ikiwa imezimwa.

Ushauri wa kuiacha tabstop kwenye 8 unatokana na ukweli kwamba ulimwengu nje ya Vim una mazoea ya 8. Terminali (madirisha ya kuandikia amri) za mifumo ya Unix zina vituo vya kila baada ya safu nane, amri ya "expand" isipoambiwa lolote hutumia 8, na hata vivinjari vya intaneti huonesha tabo kwa 8 mpaka mtengenezaji wa ukurasa aseme vingine. Ukibadilisha tabstop kwako, hujabadilisha kwa wengine. Kwa hiyo mwongozo unakupa njia ya kubaki na tabo ya 8 huku ukijongeza kwa 4, yaani softtabstop na shiftwidth zikiwa 4 na expandtab ikiwa imezimwa.

Njia hiyo inafanya kazi, lakini tazama inachoandika. Ngazi ya kwanza itakuwa nafasi nne. Ngazi ya pili itakuwa tabo moja, kwa kuwa hatua nane zimetimia. Ngazi ya tatu itakuwa tabo moja na nafasi nne. Kwako mambo ni safi. Mwenzako wa kazini, ambaye tabo zake ni za 4, atafungua faili hilo na kuona ngazi ya kwanza na ya pili zimelala mahali pamoja, naye atakuona wewe hujui kujongeza. Kwa maoni yangu, njia hii iwe ya mtu anayetunza msimbo wa zamani ulioandikwa hivyo tangu mwanzo, na mwongozo ungewatendea haki wasomaji kama ungesema hivyo kwa sauti zaidi.

Anayeanza leo achague moja kati ya mbili. Akitaka nafasi, aweke shiftwidth 4, softtabstop 4 na awashe expandtab. Hapo hana haja ya kugombana na mtu juu ya tabstop. Akitaka tabo, aweke tabstop anayoipenda, shiftwidth iwe 0, ambayo maana yake ni "fuata tabstop", na aiache softtabstop ikiwa 0 na expandtab ikiwa imezimwa. Kila ngazi itakuwa tabo moja kamili, na kila msomaji ataiona kwa upana aupendao. Faili la zamani hugeuzwa kwa ":retab", ila uchungulie kwanza, kwa sababu amri hiyo hugusa hata tabo zilizomo ndani ya maneno yaliyofungwa kwa alama za nukuu.

Ama kuhusu Uganda, aliyeiandika Vim, Mholanzi Bram Moolenaar, alikwenda Kibaale mwaka 1994 kujitolea kama mhandisi wa maji na usafi katika kituo cha watoto. Kibaale ipo kusini mwa Uganda, katika eneo la Rakai, si mbali na mpaka wa Tanzania, na palikuwa miongoni mwa mahali palipoumizwa sana na UKIMWI. Aliporudi kwao alianzisha mfuko wa kuwasaidia watoto hao, na akaamua kwamba programu yake itolewe bure huku watumiaji wakiombwa kuchangia. Moolenaar alifariki mwaka 2023. Ukiandika ":help uganda" utasoma habari hiyo yote bila kutoka ndani ya kihariri.

SWALI: Katika Visual Studio Code nimeweka tabSize iwe 2. Nikifungua mafaili ya mradi wa mwajiri wangu, chini kabisa naona imeandikwa 4. Programu hii inanidharau?

JIBU: Haikudharau, imeliangalia faili na kuliamini kuliko inavyokuamini wewe. Upo mpangilio uitwao "editor.detectIndentation", ambao huwa umewashwa tangu mwanzo, na kazi yake ni kukisia mtindo wa faili lililokwisha kuandikwa na kuufuata. Maelezo ya tabSize yanalitaja jambo hilo katika sentensi yake ya pili, lakini watu wengi huishia ya kwanza. Ukiuzima, 2 yako itatawala, nawe utaanza kuandika hatua mbili ndani ya faili la hatua nne. Ningekushauri uuache na badala yake umwombe mwajiri aweke katika mradi faili la ".editorconfig", ambalo hutumia majina matatu yaliyotengana vizuri: "indent_style" kwa kusema tabo au nafasi, "indent_size" kwa ngazi, na "tab_width" kwa upana wa kuonesha. Visual Studio Code inahitaji kiendelezi, yaani programu ndogo ya nyongeza, ili ilisome.

SWALI: Nimefuata ushauri wa kutumia nafasi kila mahali. Sasa Makefile yangu, lile faili la maagizo ya programu ya make, inasema "missing separator" na kusimama. Nimekosea wapi? Msomaji, Nairobi.

JIBU: Hujakosea ila katika neno "kila mahali". Programu ya make, ambayo hutengeneza programu kwa kufuata maagizo hayo, inataka mstari wa amri ulio chini ya lengo (jina la kitu kinachotengenezwa) uanze kwa tabo halisi, na nafasi nane haziwezi kuishika nafasi yake hata kama machoni zinafanana nayo. Katika Vim, expandtab ikiwa imewashwa, bonyeza Ctrl na V kwanza, kisha Tab, na tabo halisi itaingia; na katika ".editorconfig" weka sehemu ya Makefile peke yake yenye indent_style iliyo tab. Kinyume chake ni YAML, namna ya kuandika mafaili ya mipangilio, ambayo hairuhusu tabo kabisa katika kujongeza, kwa hiyo mradi mmoja unaweza kuhitaji sheria mbili zinazopingana, na mwongozo wake uzitaje zote mbili. Stuart Feldman aliiandika make mwaka 1976 katika maabara za Bell, na kwa maelezo yake mwenyewe, wiki chache baadaye alikwisha kuwa na watumiaji wapatao kumi na wawili, wengi wao rafiki zake, hivyo hakutaka kuwavurugia kazi kwa kuibadilisha sheria ile ya tabo.